Hadithi za Wagiriki na Jina la Baba Mkwe

Juzi umeme wa kwangu ulikatika, nikaenda kuchaji simu kwenye kibanda kimoja karibu na stendi ya Kibondo. Nikakuta vijana wamebanana kwenye benchi wanabishana juu ya miungu ya Wagiriki. Mmoja alikuwa na gemu kwenye simu, anasema yule wa radi ndiye kiboko yao. Mwenzake anasema wapi, wa bahari akichafukwa hata huyo wa radi hafui dafu. Nikawaambia huyo wa radi wenu alikuwa akimkwepa mke wake ndani ya nyumba yake mwenyewe. Wakanitazama kuanzia kofia mpaka kandambili.

"Mzee, kumbe na wewe unacheza?" akauliza Elia, kijana wa jirani yangu.

Sichezi. Hadithi hizo nilizipata kazini, kwa chai na maandazi, nilipokuwa mkalimani kwenye kambi ya wakimbizi. Nilipotaja ukalimani Elia akalisahau gemu, maana na yeye ameomba kazi hiyohiyo. Wazazi wake walitoka Burundi, leo ni raia kama mimi. Kirundi amekinyonya, Kiingereza amekisomea. Akaniambia kazi yenyewe nyepesi tu, ni kuhamisha maneno kutoka huku kwenda kule. Nikachomoa simu yangu kabla haijajaa nikaondoka, kwa sababu ningebaki ningemtukana mtoto wa watu. Nimeona heri nimwandikie, yeye na wenzake wanaoona kazi ni kuhamisha maneno. Mkinichoka, rudini kwenye gemu lenu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Salumu wa Kasulu. Alikuwa na duka la vitenge kabla biashara haijamwangusha. Baba yake alitoka pwani, yeye alizaliwa hukuhuku milimani, na Kirundi alikipata kwa kubishana bei na wateja waliovuka mpaka wa Manyovu. Alivaa koti la baridi mwaka mzima na kofia yake ya kushonwa kwa mkono, na hakuna siku nilimwona akiharakisha neno. Siku ya kwanza alinihamisha kiti. Nilikuwa nimekaa katikati ya afisa na mkimbizi, najiona mtu muhimu. Akaniambia kaa pembeni, rudi nyuma kidogo, hao wawili waonane uso kwa uso. Ukikaa katikati, kila mmoja atazungumza na wewe na kesi itakuwa yako.

Akanifundisha pia kutokunywa chai nyingi kabla ya mahojiano, kwa sababu mtu akifika mahali pa kueleza jinsi mwanawe alivyochinjwa huwezi kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Akanifundisha kutazama mdomo na mikono kwa pamoja. Na jambo kubwa kuliko yote, akanikataza kusema "anasema kwamba". Mkimbizi akisema nilikimbia, wewe sema nilikimbia. Hapo ndipo kazi inapokula watu, Elia. Asubuhi mimi ni mjane, mchana ni mwanajeshi mtoro, alasiri ni binti wa shule aliyekamatwa njiani. Bibi mmoja wa Kikongo aliwahi kunishika mkono baada ya mahojiano akaniambia, "Baba, weye unasemaka kama ni mambo yako." Alidhani ananipa pole. Mke wangu alikuwa akinikaribisha nyumbani kwa kuniuliza, leo umekuja nani?

Wiki zangu za mwanzo nilimtafsiria babu mmoja aliyejibu kila swali kwa methali na mizunguko. Afisa akauliza alivuka mpaka lini, babu akaanza na ng'ombe wa babu yake. Mimi nikafupisha, nikadhani namsaidia kila mtu. Mzee Salumu alikuwa amekaa kwenye kona, ananipima. Tulipotoka akaniuliza nani amenituma kumchujia mzee wa watu maneno yake.

"Wewe ni bomba," akasema. "Maji yakija na tope, toa na tope lake. Ukianza kuchuja, siku moja utachuja roho ya mtu."

Nililishika neno hilo. Ndilo lililokuja kuniponza, nitawaeleza.

Sasa afisa. Jina lake sitalitaja wala ofisi yake, na kambi yenyewe mniache nayo. Alikuwa mgeni wa kutoka mbali, mrefu, mpole, mwenye shati lililokunjwa mikono hata baridi ya Kasulu ikiwa imeshika kweli. Sisi wakalimani tulimwita Bwana Hadithi. Alikuwa amesomea maandishi ya kale ya Wagiriki kabla hajaingia kwenye kazi za wakimbizi, na mapumziko ya chai yalipofika alikuwa hawezi kunyamaza. Wenzangu walikwenda kuota jua. Mimi nilibaki, kwa sababu nilipenda. Siwezi kuwadanganya, nilipenda mno.

Alinisimulia vita vya miaka mingi vilivyopiganwa chini ya ukuta wa mji mmoja, kisa mwanamke. Alinisimulia mfalme mzee aliyeingia usiku kwenye hema la mtu aliyemuua mwanawe, akapiga magoti akaibusu mikono ileile iliyoua, ili tu apewe maiti akazike. Alipofika hapo macho yake yalilowa, na mimi nikalirudisha andazi sahanini. Majina yao nimeyasahau yote. Zamani nilijilaumu kwa kuyasahau, sasa sioni hasara.

Moja niliipenda kwa sababu ilikuwa kama yetu. Wapiganaji wawili wanakutana katikati ya uwanja wa vita, mmoja anamwuliza mwenzake kabla ya kurusha mkuki: wewe ni mwana wa nani? Mwenzake anaanza kuhesabu ukoo, baba, babu, mpaka anafika kwa babu aliyewahi kumkaribisha nyumbani babu wa huyu mwingine. Wanagundua kwamba wao ni wageni wa kurithi. Wanachomeka mikuki ardhini, wanashikana mikono, wanabadilishana mavazi ya vita, na mmoja kwa furaha anatoa dhahabu na kupokea shaba. Bwana Hadithi alicheka hapo mpaka chai ikamwagika. Mimi nikamwambia kwetu Buha, kwa Waha, wazee walikuwa na undugu wa namna hiyo, na mjukuu wa rafiki ya babu yako huwezi kumnyima moto wala maji. Akafurahi kweli, akasema unaona, jina la baba ndilo ngao ya kwanza ya mtu.

Yakumbukeni maneno hayo.

Lakini tuliyobishania miezi na miezi ilikuwa hadithi ya binti wa mfalme. Mungu mmoja alimtaka, akampa zawadi ya kuona yajayo. Binti akaipokea zawadi, lakini akamkataa mungu mwenyewe. Mungu akashindwa kuichukua zawadi yake, akaongeza laana juu yake: utaona, utasema, na hakuna atakayekuamini. Basi binti akawa anasimama barabarani anawaambia watu wa mji wao utaungua, na watu wanapita na vikapu vyao wanasema masikini, mtoto wa mfalme amechanganyikiwa. Mji ukaungua kama alivyosema.

Swali la Bwana Hadithi lilikuwa, kosa ni la nani? Yeye alisema ni la mungu. Watu walilaaniwa pamoja na binti, wangeaminije wakati masikio yamefungwa? Mimi nilisema ni la watu. Laana ni neno tu, masikio walikuwa nayo, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kuchungulia nje ya ukuta akaone kama kweli. Tulibishana kama mnavyobishana nyinyi kwenye benchi. Niliporudi nyumbani nikampelekea mke wangu swali hilo, naye akasema kosa ni la binti, kwa nini alipokea zawadi ya mwanaume ambaye hamtaki. Bwana Hadithi alipoambiwa hivyo alisema mke wangu angefaa kufundisha chuo kikuu.

Haya. Sasa mnipe nafasi nipumue, maana ninakofika ni kwa Mama Domitila.

Wakati huo kambi za Warundi upande wetu zilikuwa zinaelekea kufungwa. Mtabila nanyi mmesikia habari zake. Watu walirudishwa kwa malori na mabasi kupitia Manyovu, na aliyesema kwamba kwake hakurudiki aliitwa peke yake, aeleze. Akiaminika, anabaki. Asipoaminika, anafunga godoro. Mama Domitila alikuwa mjane wa makamo, mwembamba, kitambaa cha kichwani kimefungwa vizuri kama anakwenda kanisani. Shamba la mumewe lilichukuliwa na watu waliomuua mume, na watu hao bado walikuwa palepale, wanalima na kuvuna. Akirudi, yeye ndiye mdai pekee aliye hai. Alisema waziwazi: "Nikirudi wataniua, kwa sababu nikiwa hai shamba si lao."

Alieleza vizuri. Nimewatafsiria watu wengi, najua anayesuka uongo anavyopamba na anayesema kweli anavyokwama kwenye vitu vidogo. Yeye alikwama kwenye kuku. Alikuwa amefungia kuku ndani siku wanakimbia, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoweza kueleza. Bwana Hadithi aliandika, anatikisa kichwa kwa huruma. Akauliza shamba lilikuwa la nani kabla ya mume. Mama akasema la aliyemzaa bwana wake. Afisa akauliza jina la huyo mzazi.

Mama Domitila akanyamaza.

Mimi nilijua papo hapo. Elia, wewe mama yako alikuja mdogo akakulia Kibondo mjini, pengine hajakufundisha, sikulaumu. Kwetu na kwao, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake. Akiwa hai au akiwa amekufa, hatamki. Babu yangu mzaa baba aliitwa Kasuka, na isuka kwa Kiha ni jembe. Mama yangu alilima maisha yake yote na sikuwahi kumsikia akisema jembe kwa lugha ya nyumbani. Alisema nipe kile cha kulimia. Sisi watoto tulikuwa tukimtega kwa makusudi tuone kama atateleza, na hakuteleza mpaka tunamzika.

Ukimya nao una kanuni. Mzee Salumu alinikataza kuujaza, nami nikauacha ukae. Bwana Hadithi akarudia swali, taratibu, kwa upole wake uleule. Mama Domitila akasema, yule aliyemzaa mwenye nyumba yangu. Nikatafsiri. Afisa akasema hapana, nataka jina. Mama akasema siwezi kulitaja. Nikatafsiri: siwezi kulitaja. Afisa akamsogezea kalamu na karatasi, kumbe mama hakujua kuandika. Mama akaomba aitwe mtu yeyote wa kilima chao, yaani kijiji chao cha Burundi, aliye pale kambini, mtoto hata, atalisema. Afisa akasema mahojiano ni ya siri, kwa usalama wake yeye mama, hatuwezi kumwingiza mtu mwingine. Kwa usalama wake.

Hapo nikaweka mikono mezani, nikageuka nikamtazama Bwana Hadithi, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba naomba kueleza jambo moja la mila.

Akanitazama kama vile kiti kimezungumza. Sikuwa nimewahi kuvuka mstari hata siku moja. Akaniuliza, wala si kwa ukali, "Unatafsiri au unatoa ushahidi?"

Nikamwambia nataka tu ajue kwamba mwanamke wa huku hatamki jina hilo. Akasema kama ni hivyo, mama aseme mwenyewe sababu, kwa kinywa chake. Nikamgeukia mama nikamtafsiria. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akamtazama afisa moja kwa moja, nami nikayatoa maneno yake na tope lake, kama nilivyofundishwa.

"Nyumba ilikwenda. Bwana wangu alikwenda. Watoto niliwazika njiani. Heshima niliyowekewa na mama yangu ndiyo imebaki, na hiyo nayo mnataka niiache hapa mezani?"

Nilisema "mama yangu", nilisema "niliwazika", kwa nafsi ya kwanza. Bwana Hadithi akainamisha kichwa, akaandika. Mimi nilikaa pembeni, nyuma kidogo, mahali pangu. Kutoka hapo niliiona karatasi. Aliandika kwamba mhojiwa anakwepa swali la msingi na hawezi kuthibitisha uhusiano wake na mwenye ardhi.

Kisha ikawa muda wa chai.

Mtanisamehe, hapa huwa nakasirika upya. Alinimiminia yeye mwenyewe, akanisogezea sahani ya maandazi, akasema kwa masikitiko ya kweli kwamba kesi kama hizi zinamuumiza, mtu unamhurumia lakini hakupi kitu cha kushika. Halafu akatabasamu, akasema amefikiria tena habari ya yule binti wa mfalme na ana hoja mpya. Akaanza kuieleza. Nasema kweli, alianza kuieleza, mkono mmoja una kikombe, na Mama Domitila bado yuko nje kwenye benchi, anamsubiri mtu wa kumwambia aende wapi.

Nilimwambia sijisikii vizuri. Nilimpelekea habari mkuu wa kitengo. Akasema masuala ya utamaduni yanaletwa na mtaalamu wa utamaduni kwa utaratibu wake, na mkalimani anayeongeza maneno yake anaharibu kazi. Nikamwuliza mtaalamu huyo yuko wapi. Akasema nafasi bado haijapata mtu. Wiki iliyofuata nilihamishiwa kwenye foleni ya mgawo wa chakula, kutafsiri "sogea" na "subiri". Mzee Salumu alikuwa ameshastaafu. Nilimfuata nyumbani kwake Kasulu nikamwambia, nilitoa na tope lake, wamemwaga maji yote. Akamwita mkewe atuletee uji, tukanywa.

Mama Domitila alikata rufaa, ikarudi kama ilivyokwenda. Siku ya msafara wake niliomba nipangwe Manyovu, wakanikubalia kwa sababu hakuna aliyependa vumbi la kule. Mabasi yalisimama kwenye mteremko, wabadilisha fedha wanapita na mabunda yao, wauza ndizi wanapanda matairi ili wafikie madirisha. Yeye alikuwa amekaa pembeni, kitambaa kimefungwa vilevile. Nilikatazwa kuzungumza na wahojiwa nje ya chumba. Nikaenda nikasimama chini ya dirisha lake.

Akaniambia kwa Kirundi, "Wewe ulinisikia?"

Nikamwambia nilikusikia, mama.

"Basi," akasema. Akanigawia parachichi alilokuwa amenunua, nusu yake, nikala nimesimama palepale mpaka gari likaondoka.

Miezi kadhaa baadaye, bado napangwa Manyovu, nilimkuta mchuuzi mmoja aliyekuja na dagaa kutoka ng'ambo. Nikamtajia kilima, nikamwuliza kama anajua mjane aliyerudi pale. Akauliza, wa kwa mzee nani? Nikamwambia sijui jina la mzee. Nikamweleza: shamba lililo juu ya chemchemi, mume aliuawa, wamekaa watu wengine. Mchuuzi akalitamka jina palepale huku anapanga dagaa wake, kubwa, mbele ya watu, kama mtu anavyotaja soko. Akasema kwa mzee huyo kila mtu anapajua. Mama alifika, alionekana wiki moja, alikuwa akilala kwa masista. Halafu siku moja akasema anakwenda kuona shamba. Mchuuzi akapuliza vumbi kwenye mizani yake na kuniuliza kama nanunua au sinunui.

Bwana Hadithi alishahamishwa nchi nyingine. Alikuwa ameniachia zawadi, kitabu kinene cha hadithi zake, na ndani ameandika kwamba hatasahau mazungumzo yetu. Nilikileta Kibondo nilipostaafu. Mke wangu anauza karanga pale barazani, na mkinunua mtaona zimefungwa kwa karatasi nzuri, ngumu, yenye herufi ndogo. Tumeshafika kwenye ule mji kuungua.

Elia, nenda kwenye usaili wako. Kiti weka pembeni, nyuma kidogo. Sema "mimi". Nasikia siku hizi mkalimani anakaa mji mwingine na kifaa masikioni, hamwoni mtu, na simu nazo zinatafsiri zenyewe. Hizo zote zitahamisha maneno vizuri kuliko mimi. Mama yule alipokuwa amenyamaza hakukuwa na neno la kuhamisha. Na ukiwa mle ndani, ukajua kitu ambacho wao hawakijui, kiseme hata kama watakupeleka kwenye foleni ya maharage. Kwangu hakikusaidia. Kiseme hivyohivyo.

Baba mkwe wake aliitwa Barutwanayo. Mimi si mkwe wake, naruhusiwa. Barutwanayo. Limenitoka kinywani kabla chai yangu haijapoa.